Kilichofungwa na Kilichopigiliwa: Historia Fupi ya Kuinua Chombo cha Pacha Kilichopinduka

Miongoni mwa maneno yaliyoizunguka dunia kabla ya kufika kwetu ni neno katamarani. Asili yake ni lugha ya Kitamili ya kusini mwa Bara Hindi, ambako kattu ni kufunga na maram ni mti. Maana yake ya kwanza, basi, ni miti iliyofungwa pamoja. Baharia Mwingereza William Dampier alikieleza chombo hicho katika kitabu cha safari zake kilichotolewa mwaka 1697, baada ya kukiona katika mwambao wa Coromandel. Huko kilikuwa chelezo cha magogo tu. Baadaye Wazungu walilihamisha neno hilo, wakalitumia kuitia chombo chenye miili miwili iliyounganishwa ubavu kwa ubavu, na kwa maana hiyo ndipo lilipotufikia sisi.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja katika historia ya vyombo vya namna hiyo na ndugu zake wa Afrika ya Mashariki. Mara nyingi chombo kidogo kinapopinduka hakivunjwi na maji, bali huvunjwa na mikono inayokiinua kwa pupa. Wajenzi wa kale walilizingatia jambo hilo katika kazi yao, kwani viungo vyote vilivyopaswa kustahimili msukosuko walivifunga kwa kamba, hawakuvipigilia misumari.

Huenda msomaji akauliza: habari hii inawahusu nini walimu wa Kiswahili wa Kauma, mjini Lilongwe, na wa Dzaleka, mahali pasipo na bahari wala ziwa? Jibu si gumu. Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, imekuwa kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1994. Wengi wa wakazi wake wametoka Kongo ya mashariki, Burundi na Rwanda, na baadhi yao walizaliwa kandokando ya Ziwa Tanganyika, katika sehemu kama Uvira, Baraka na Rumonge. Huko mitumbwi miwili iliyounganishwa ilikuwa ndiyo shamba na ndiyo duka. Watoto wao waliozaliwa Dzaleka wanalijua neno mtumbwi kutoka kitabuni. Tena Ziwa Malawi lenyewe liko Salima, mwendo wa kilomita mia moja hivi kutoka Lilongwe, na wapo vijana wetu wanaokwenda huko kutafuta riziki.

NGALAWA YA PWANI

Tuanze pwani. Ngalawa ni mtumbwi wa gogo moja, aghalabu la mwembe, wenye urefu wa meta 5 au 6, mlingoti mmoja na tanga moja la pembe tatu. Kinachoitofautisha na mtumbwi wa kawaida ni matengo, ambayo mahali pengine huitwa ndubi: vibao viwili, kimoja kila upande, vilivyoshikwa na miti inayokingama juu ya chombo. Si katamarani kamili, kwa kuwa ina mwili mmoja na mikono miwili. Hata hivyo ni wa ukoo mmoja na katamarani, na ukoo huo umetoka mbali.

Wataalamu wa historia wanakubaliana kwamba vyombo vyenye matengo ni urithi wa watu wa visiwa vya kusini mashariki mwa Asia, wale wale waliovuka Bahari ya Hindi na kufanya makazi Bukini katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Ushahidi mmoja ni wa lugha, nao unatufaa sisi walimu: Kimalagasi kinafanana zaidi na Kimaanyan cha kisiwa cha Borneo kuliko lugha yoyote ya bara la Afrika. Ushahidi mwingine ni chombo chenyewe. Matengo yanaonekana Bukini, Ngazija na visiwa vingine vya Comoro, na katika mwambao wetu kuanzia Kenya ya kusini hadi Msumbiji ya kaskazini. Ukiingia bara huyaoni tena.

Tazama jinsi ngalawa inavyoundwa. Mwili wake ni gogo moja, hauna maungio. Miti ya kukingama haikupigiliwa. Imefungwa kwa kamba, zamani za makumbi ya nazi na siku hizi mara nyingi za nailoni. Wimbi linaponyanyua upande mmoja na kuacha upande wa pili ndani ya bonde la maji, chombo hujipinda. Kamba hulegea kidogo, kisha hujirudi. Msumari hauna ustahimilivu huo: huchimba tundu lake, tundu hupanuka, na mwisho ubao hupasuka kufuata uzi wa mti. Ndiyo sababu mtepe wa zamani, jahazi la mbao zilizoshonwa kwa kamba, uliweza kuburutwa juu ya mchanga na kubamizwa na mawimbi ya ufukweni bila kufumuka upesi. Vyombo vya kushonwa katika mwambao huu vilikwisha kutajwa na mwandishi wa Kigiriki wa karne ya kwanza katika kitabu kiitwacho Periplus, alipoieleza bandari ya Rhapta.

Ngalawa ikipinduka, tengo moja huwa juu hewani na la pili huwa chini ya maji. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu anayetapatapa hushika kilicho karibu, na kilicho karibu ni tengo. Uzito wa watu wawili au watatu ukining'inia kwenye ncha ya mti mrefu na mwembamba, mti hugeuka kuwa wenzo, na nguvu yote hukusanyika mahali unapoukutana na ubavu. Kama ni kamba, hufunguka au hukatika, na kamba hununuliwa. Kama ni msumari au bolti, ubavu wa gogo hung'oka kipande, na gogo la mwembe halipatikani kila siku.

ZIWA MALAWI NA VYOMBO VYAKE

Waswahili waliofika Ziwa Malawi katika karne ya 19 hawakuja na ngalawa. Salim bin Abdallah, aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, alifanya makao Nkhotakota katika miaka ya 1840, na kutoka huko watu na pembe za ndovu walivushwa hadi ng'ambo ya mashariki ili kupelekwa pwani. Hiyo ni sura ya aibu katika historia yetu na haifai kufichwa. Vyombo vyao vilikuwa majahazi. Katika miaka ya 1860 Livingstone alikuta jahazi likijengwa ufukweni hapo. Wenyeji kwa upande wao walikuwa na bwato, mtumbwi wa gogo ulioachwa mdomo mwembamba, ambao mvuvi huukalia kingoni huku miguu yake ikiwa ndani.

Bwato lina siri yake. Kwa kuwa mdomo ni mwembamba, maji huingia polepole; na kwa kuwa ni gogo moja, halina kiungo cha kufumuka. Likijaa maji, mvuvi hulitikisa mbele na nyuma akiwa majini hadi maji yaruke nje, kisha hupanda kwa upande wa tezi. Hakuna kinachovunjika kwa sababu hakuna kilichounganishwa.

Mambo hayakuwa hivyo kwa vyombo vya mbao vilivyoletwa baadaye. Ziwa Malawi lina upepo mkali wa kusini mashariki ambao Wachewa huuita mwera, nao ni ndugu wa kusi ya pwani. Septemba 1895, Askofu Chauncy Maples wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyekwisha kutumikia Masasi kwa miaka mingi, alikufa maji ziwani humo baada ya mashua ya tanga aliyosafiria kupinduka. Kaburi lake liko Nkhotakota. Julai 1946, meli iitwayo Vipya ilipinduka katika mawimbi ya mwera na watu zaidi ya 140 wakapoteza maisha. Tunayataja matukio haya ili mwanafunzi asidhani kwamba ziwa ni dimbwi. Anayefikiria ubavu wa chombo kabla ya kuhesabu watu amekosea tangu mwanzo. Utaratibu tutakaoueleza huanzia kwa watu, kisha ndipo uje kwenye mbao.

MITUMBWI PACHA YA TANGANYIKA

Katika Ziwa Tanganyika historia ilikwenda njia nyingine. Kwa vizazi vingi dagaa, ambaye watu wa Uvira na Burundi humwita ndagala, alivuliwa usiku kwa lusenga, yaani wavu wa mfano wa upawa wenye mpini mrefu, huku moto wa kuni ukiwaka kwenye omo ya mtumbwi ili kuwavuta samaki. Karabai zilipofika, moto wa kuni ukaachwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 likaletwa jambo jipya: mitumbwi miwili ya mbao iliwekwa sambamba, ikaunganishwa kwa miti ya kukingama, na wavu mkubwa ukatundikwa kati yake ili uteremshwe na kuinuliwa chini ya mwanga wa taa. Ulianza upande wa Burundi, ukaenea Kongo na Tanzania. Wavuvi wakaiita katamarani. Katika miaka ya 1980 vikatokea Burundi vyombo vikubwa zaidi vya namna hiyo, vikapewa jina la Apollo.

Hivyo neno la Kitamili lilirudi kwenye maana yake ya asili bila mtu kukusudia, kwani mitumbwi hiyo nayo ni miti iliyofungwa pamoja. Vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993 na vya Kongo vilivyoanza mwaka 1996 viliwatoa wavuvi wengi ziwani. Baadhi yao walichukua njia ndefu ya kusini hadi Malawi, na ujuzi wao ukaja pamoja nao hadi Dowa, mahali ambapo haukupata maji ya kuuelea.

JINSI UBAVU UNAVYOVUNJIKA

Sasa tufike kwenye kiini. Chombo cha pacha hakipinduki kwa urahisi, kwa sababu miili yake imetawanyika. Lakini kikishapinduka, upana ule ule uliokilinda huwa ndio kizuizi cha kukirudisha. Nathanael Herreshoff wa Marekani alipoijenga katamarani yake Amaryllis na kushinda mashindano ya New York mwaka 1876, wenye majahazi ya kawaida walikasirika kwa kasi yake hadi vyombo vya namna hiyo vikazuiliwa kushindana navyo. Karibu miaka mia moja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960, Hobie Alter wa California alitoa katamarani ndogo ya fibaglasi ambayo watu wawili waliweza kuiinua wenyewe. Kuanzia hapo elimu ya kuinua chombo cha pacha ilifundishwa katika vilabu vya ufukweni duniani kote, na mambo yaliyogunduliwa humo yanakubaliana na busara ya mjenzi wa ngalawa.

Ubavu huvunjika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kukanyagwa au kuvutwa mahali dhaifu. Kila chombo cha pacha kina nguvu zaidi pale mihimili ya kukingama inapokutana na mwili. Katikati ya viungo hivyo ubavu ni mwembamba. Katamarani ya fibaglasi ina tabaka mbili nyembamba zilizobandikwa juu ya povu gumu. Mguu au omo ya mashua ya uokozi ikiusukuma ubavu katikati, tabaka huachana na povu ndani kwa ndani. Kwa nje hakuna linaloonekana, ila siku nyingine ubavu hubonyea kama embe bovu.

Njia ya pili ni maji yaliyomo ndani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtumbwi wenye urefu wa meta 6, upana wa nusu meta na kina cha nusu meta huweza kushika maji yanayokaribia tani moja. Maadamu chombo kiko majini, uzito huo hauonekani, kwa kuwa maji ya nje yanayabeba ya ndani. Lakini mwili ukinyanyuliwa ghafla, tani hiyo yote huangukia mbao za chini na viungo. Wahenga walisema: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Popote chombo kinapopigwa, mashaka yake hukusanyika katika ngama, na mwenye kuisahau ngama huvunja chombo ambacho dhoruba ilikiacha kizima.

Njia ya tatu ni mlingoti. Chombo kikilala ubavu mahali pa kina kifupi, ncha ya mlingoti huchoma tope au mwamba. Mawimbi yanapokisukuma, mlingoti huwa wenzo na huung'oa msingi wake pamoja na muhimili unaoubeba.

UTARATIBU WA KUINUA

Kwanza watu. Kila mmoja ahesabiwe kwa jina, na wote washike mwili wa chombo karibu na viungo, si ncha za matengo wala usukani. Asiachwe mtu chini ya tanga au ndani ya wavu.

Pili upepo. Demani, yaani kamba ya kushikia tanga, ifunguliwe kabisa. Tanga lililofungwa huteka maji kama ndoo, na kuliinua ni kuinua ziwa. Kisha omo ielekezwe upepo unakotoka, ili upepo uingie chini ya tanga na kusaidia kazi badala ya kuipinga.

Tatu mizigo. Wavu, taa, mawe ya nanga na samaki vifunguliwe au vikatwe. Ni uchungu kuacha wavu, lakini wavu uliojaa maji huvuta upande mmoja na kupinda mihimili.

Nne ni kuvuta. Kamba ya kuinulia ifungwe kwenye shina la mlingoti au kwenye kiungo cha muhimili, ipitishwe juu ya mwili ulio hewani, na chini yake iwekwe nguo au gunia ili isikwaruze kingo. Mtu mmoja au wawili wasimame juu ya mwili ulio majini, karibu na muhimili, wakae nyuma kwa uzito wao na kungoja. Wasirukeruke wala wasivute kwa mikupuo. Maji yatachuruzika kutoka katika tanga, na chombo kitaanza kuja taratibu. Mwili wa juu unapoteremka, wajiepushe usiwapige vichwani, kisha waushike mara moja ili chombo kisije kikageukia upande wa pili.

Ikiwa chombo kimelala kifudifudi, mlingoti ukielekea chini, njia ni nyingine. Watu wahamie pembe moja ya tezi hadi izame kidogo. Pembe ya omo iliyo mkabala nayo itainuka, na chombo kitalala ubavu. Hapo ndipo utaratibu wa kwanza ufuatwe.

Ama mitumbwi pacha ya uvuvi, isiyo na tanga, ina faida ambayo fibaglasi haina. Kwa kuwa imefungwa, inaweza kufunguliwa. Kama ufuko u karibu au mashua nyingine imefika, kamba za upande mmoja zikikatwa, kila mtumbwi hugeuzwa peke yake, maji yake hufuliwa kwa upo, kisha hufungwa tena. Kuinua viwili kwa pamoja vikiwa vimejaa maji ni kuomba ubavu upasuke. Kisu kikali na pindo la kamba ya akiba ni zana za uokozi kama lilivyo kasia.

Mashua yenye injini ikija kusaidia, ivute polepole kwa kamba iliyofungwa mahali palipotajwa. Nguvu ya injini haisikii maumivu ya mbao. Na awepo mtu mmoja tu wa kutoa amri. Tunajua sote kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama.

MANENO YANAYOOKOA

Msomaji ameona jinsi utaratibu huu unavyotegemea maneno. Kulala ubavu si kulala kifudifudi, na anayeyachanganya atavuta upande usiofaa. Tezi na omo haziwezi kubadilishana. Kufua maji si kufua nguo. Hata kitenzi kupindua kina mtego wake: kikishapinduka chombo, ukipiga kelele "kipindueni", wenzako hawajui kama unataka kirudi sawa au kigeuke tena. Kwa hiyo amri iliyo salama ni "kiinueni" au "kisimamisheni".

Tuangalie pia kwamba kufunga na kufungua hutofautiana kwa irabu moja tu, na katika kazi hii yote mawili ni ya lazima. Mwanafunzi anayesomeshwa vitenzi vya kutendua kwa mifano ya mlango na kitabu atavikumbuka vizuri zaidi akivipata katika kamba ya chombo, ambako kutendua kwa wakati wake huokoa mali ya familia.

Hazina hii inapotea pande mbili. Pwani, misumari na bolti zinachukua nafasi ya kamba, na majina ya mafundo yanakwenda pamoja nazo. Dzaleka, wazee waliowahi kuinua wavu usiku mbele ya Uvira wanazidi kupungua, na wajukuu wao wanajifunza Kiswahili cha darasani ambacho hakina ziwa. Dagaa wa Kigoma ni ndagala wa Uvira. Malawi yuko usipa, samaki mdogo wa ziwa anayekaribiana naye kwa matumizi ingawa si wa jamii moja naye. Mwalimu akianza na samaki hawa watatu, mtoto wa Kikongo na rafiki yake wa Kichewa wataweza kulinganisha, na kutoka hapo wafike kwenye mtumbwi, bwato na ngalawa.

Ndugu walimu, kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Kila shule ichukue daftari moja, na wanafunzi wa madarasa ya juu wawaendee wazee wanaozijua kazi za ziwani, waulize jina la kila sehemu ya chombo, la kila fundo na la kila upepo, waandike pia mahali mzee alipotoka. Maneno ya Uvira yasisahihishwe yawe ya Unguja, wala ya Unguja yasilazimishwe kwa mtu wa Rumonge. Yaandikwe ubavu kwa ubavu. Na kijana anayekwenda Salima au Nkhotakota kutafuta kazi ya uvuvi, kabla ya kufundishwa kuandika barua ya maombi, afundishwe pia ni wapi pa kushika chombo kinapopinduka, na ni wapi pasishikwe.